Vifaru vya Kwenda Kosele

Mirumbe hakuwa na mapenzi yoyote na Wajerumani. Binamu yake anayefanya kazi ng'ambo ndiye aliyemletea maboksi ya vifaru vya plastiki vya kuunganisha, vya Vita Vikuu vya Pili, na vyote vikatokea kuwa vya Wajerumani. Angefanya nini? Ilikuwa zawadi.

Akavipenda. Mchana alitengeneza simu mjini Migori. Jioni alikata vipande kwa wembe, akavilainisha kwa msasa, akavibandika kwa gundi mpaka kifaru kizima kikamkaa kiganjani. Kuunganisha alijua. Kupaka rangi, tusidanganyane, alikuwa balaa tupu. Kifaru chake cha kwanza kilionekana kama kimemwagikiwa uji.

Moraa ndiye aliyemwokoa. Alikuwa akichanganya rangi za nyumba katika duka jirani la vifaa vya ujenzi, na jicho lake halikosei. Alimtengenezea manjano ya vumbi, akamtengenezea kutu, akapaka minyororo tope mpaka ungedhani kifaru kimetoka kulima. Jumamosi Moraa alikuwa kanisani, Msabato kamili, kwa hiyo Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao. Walitandika blanketi la kijani mezani, wakagawana vifaru, wakarusha dadu na kupigana vita. Moraa alishinda mara nyingi na hakuona haya kujisifu. Mirumbe alishindwa kwa furaha.

Kisha mwenye duka akafungua tawi Kosele, akampeleka Moraa kulisimamia. Siku ya kuagana, Mirumbe alikuwa na neno kubwa kifuani. Alilizungusha mdomoni weee, mwishowe akasema, "Nitakuwa nakutumia vifaru upake rangi."

Na kweli akatuma. Walikuwa na utaratibu wao: kichwa cha kifaru, kile chenye mzinga, hakibandikwi kabla ya rangi, maana brashi haitafika chini yake. Basi kila kifaru kiliondoka Migori kimefungwa kwenye gazeti, mwili mbali, kichwa mbali. Moraa alikipokea Oyugis, mji wa karibu na Kosele, akakipaka, akakirudisha vivyo hivyo, na Mirumbe ndiye aliyekitia gundi ya mwisho. Aliupenda utaratibu huo kuliko vifaru vyenyewe. Ulimhakikishia kwamba kuna kitu ambacho Moraa hawezi kukimaliza bila yeye.

Kila kifurushi kilichorudi alikinusa, mtu mzima na ndevu zake, akimtafuta Moraa, akapata harufu ya rangi tu. Hamu ilimshika hata chakula kikakosa ladha. Jumapili alikuwa akitandika blanketi peke yake, kisha analikunja. Lakini kila alipomwandikia ujumbe, mwanaume huyu aliuliza habari za brashi.

Kifurushi cha mwisho kilichelewa. Kilipofika, Mirumbe alikifungua pale pale kaunta, gundi iko tayari. Kifaru kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyotangulia. Kichwa kilikuwa kimekwisha kubandikwa. Akakivuta taratibu, kisha kwa nguvu kidogo. Hakikung'oka.

Akapiga simu.

"Moraa, umeweka kichwa wewe mwenyewe?"

"Eeh. Nilinunua gundi Oyugis. Kimekaa vibaya?"

"Hapana, kimekaa poa. Lakini hiyo si ni kazi yangu?"

"Najua. Nilitaka nikurudishie kama imeisha. Sitapaka zingine."

"Kwa nini? Kazi imekuwa mingi?"

"Okari, yule mwalimu wa hapa, ametuma wazee kwetu. Nimekubali."

Nje mtu aligonga kioo akionyesha simu iliyopasuka, Mirumbe hakumwona.

"Lakini mimi nakupenda," akasema. Lilitoka kirahisi hivyo, na urahisi wake ukamtia uchungu. "Tangu ukiwa hapa Migori. Hizo vifaru zote, Moraa, nilikuwa natuma kwa sababu hiyo."

"Nilijua." Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. "Hata mama alijua. Aliniuliza mpaka akachoka, huyo Mkurya wako anakuja lini. Nikifungua kila kifurushi nasema, pengine leo ameandika kitu. Nilikuwa nangoja utume wazee, Mirumbe. Wewe ukanitumia vifaru."