Maji Yamo Aya ya Nane

Wenzake ofisini walimwita Wino, naye aliamini ni kwa sababu ya kipaji. Alikuwa afisa habari wa mamlaka ya maji, mtu asiyeweza kumwambia mteja kuwa bomba limepasuka bila kwanza kumsalimu, kumshukuru na kumkumbusha umuhimu wa maji kwa viumbe vyote.

Jumatano fundi mkuu alimletea habari ya kutangaza mtandaoni: kesho saa nane mchana maji yatakatwa mpaka saa tatu usiku, bomba kuu linabadilishwa. Wino akajifungia. Alipotoka, tangazo lilikuwa na aya tisa, na maji yalikatwa aya ya nane. Meneja wake, mama asiye na muda wa kupoteza, alilitupia jicho, akasema, "Hili limeshiba," akaidhinisha.

Jioni, mezani, Wino alimsomea mkewe tangazo zima, au alikusudia hivyo. Mkewe ana saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na alikuwa amesimama tangu asubuhi. Alivumilia hadi aya ya tatu, penye "azma endelevu ya kumwondolea mwananchi adha", akapiga mwayo mrefu. Wino akanuna. Alizima simu, akala kimya kama mgeni. Kama hataki kusikia, basi asisikie.

Kesho yake mchana simu ikaita.

"Baba watoto, maji yamekatika! Nina mteja ana dawa ya kulainisha nywele kichwani, inamchoma!"

Wino akatazama saa ya ukutani. Saa nane ilikuwa imepita kidogo tu.

"Kwani hukuona tangazo?"

"Tangazo gani? Lile la viumbe vyote?"

Wino akakata simu. Alichomoa dumu la maji ya kunywa kwenye mashine ya ofisini, akalitupia begani na kutimua mbio. Nyumbani hapakuwa mbali, lakini dumu halikuwa na kifuniko, na kila hatua lilimmwagia mgongoni. Watu walimpisha njia. Mmoja alimuuliza moto uko wapi.

Aliingia saluni akihema. Mteja alikuwa ameinamia sinki, kichwa cheupe kwa dawa, akipiga miguu sakafuni. Akageuza uso. Alikuwa meneja.

"Wino! Wewe ndiye uliyeandika, halafu kwako hakuna hata ndoo moja?"

Jibu lilimfika ulimini: na wewe si ndiye uliyeidhinisha? Akalimeza. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba nywele zile zikinyofoka, kazi yake nayo inanyofoka.

"Mimina taratibu," mkewe akanong'ona. "Yasipotosha tumekwisha."

Akamimina. Maji yalitosha, kwa shida. Ngozi ilikuwa nyekundu juu ya sikio, lakini nywele zilikuwa zote mahali pake. Wino nusura alie kwa furaha.

Meneja akajifunga taulo, akaketi. "Toa simu. Andika upya, hapa hapa."

Wino akaanza, huku akisoma kwa sauti: "Kwa heshima na taadhima..."

Wanawake wote wawili wakakohoa. Akafuta. Taarifa iliyobaki ilimuuma kama kutoka nje na nguo ya ndani tu: "Maji yamekatwa tangu saa nane mchana. Yatarudi saa tatu usiku. Tunabadilisha bomba kuu. Samahanini." Akaituma mtandaoni.

Maoni ya kwanza hayakukawia. Mkewe aliyasoma kwa sauti, tena kwa raha zake zote: "Hongereni mamlaka. Afadhali mmemfukuza yule wa mwanzo."

Meneja alicheka mpaka taulo likamdondoka. Wino alichukua simu, akayasoma mwenyewe. Yalimuuma kweli. Kisha, kwa kuwa yalikuwa mafupi na yalieleweka, akayawekea alama ya moyo.