Aliyemtaja Mama kwa Jina

Alfajiri ya leo nimeota simu yangu imekuwa nyumba, nami nimefungiwa nje.

Mlangoni amekaa mama yangu, Mwajabu, marehemu wa miaka mingi, juu ya kigoda. Sikushangaa. Jina lake ndilo nililoliweka kuwa nenosiri la kila kitu, barua, picha, mazungumzo, basi milango yote alikuwa akiilinda yeye.

Anakuja mtu amevaa uso wangu, masharubu yamegeuka juu chini.

"Mwajabu!" anaita, kama anaita kuku.

Mama anainuka, anamfungulia.

Dirishani namwona anamwandikia binti yangu Sikudhani, aliyeko Tanga: "Mwanangu, nitumie namba sita zilizoingia kwenye simu yako." Akizipata, na nyumba ya Sikudhani imekwenda.

"Mama, fungua!"

"Siyo hilo," kinasema kitasa. "Umebakiza mara mbili."

"Mama!"

"Moja."

Ghafla tuko stesheni ya Kaliua, mlango umesimama peke yake kando ya reli. Namba sita za Sikudhani zinashuka behewani moja moja na vikapu vyao, zinamwendea yule mtu. Ya kwanza, nne, imeshuka. Ya pili, saba, imeshuka.

"Litaje jina, uingie," kinasema kitasa.

"Nimtaje mama yangu? Sina adabu?"

Mama akasonya. "Sasa we mzembe, kama mwanangu hanitaji, anayenitaja ni nani?"

"Mwizi, mama."

"Na jina ulilibandika mlangoni wewe. Haya, sema umesahau, uweke jingine."

Nimetembea nchi hii miaka arobaini, sijawahi kumwambia mtu nimepotea njia. Namba ya tano inashusha kikapu. Nikakaza meno.

"Nimesahau."

Mlango ukafunguka. Nikaweka maneno manne yasiyojuana, wala hakuna hata moja la ukoo wetu. Nikasema, "Walioingia watoke wote!" Yule mtu akatoka mbio, uso wangu ukamdondoka relini.

"Mpigie mtoto," mama akasema. Namba ya sita ilikuwa na mguu mmoja ngazini.

Nikaamka. Niko Makambako, chumba cha wageni cha kitanda kimoja, mlango nimeukomea kwa ndani. Simu iko mkononi, ya moto, inaonyesha nimetoka kumpigia binti yangu. Kuna ujumbe wa Sikudhani:

"Sawa baba, nimezifuta, sijamtumia. Ila huyo bibi aliyekuwa anakunong'oneza cha kusema ni nani?"