Salamu ya Tatu

Wanawake wa Ansab, mtaa mmoja huko Uarabuni, walikuwa na chumba chao cha afya, na kanuni ya kwanza ukutani haikutaja dawa. Ilisema: mgonjwa asiulizwe ugonjwa mpaka asalimiwe mara tatu. Ya kwanza atajibu hajambo, hata kama roho iko kooni. Ya pili atasema alhamdulillah, wote wazima. Ya tatu ndipo hutoka "ila". Watu wenye asili ya Unguja ndivyo walivyolelewa. Kuanza na maradhi ni kukosa adabu na kumnung'unikia Mungu. Ukitaka kujua kinachomla mtu, ngojea "ila".

Chumba chenyewe kilikuwa majlisi ya Bi Shaikha, sebule yake ya wageni, yenye mlango wake wa nje. Aliyewatia hamu ya kukianzisha ni Wijdan, muuguzi aliyefanya kazi miaka minne Australia, ndani kabisa jangwani, kwenye zahanati ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi ile.

"Kule zahanati ni yao," alipenda kuhadithia. "Kamati yao, na daktari wanamwajiri wao. Akileta kiburi, wanamfungisha virago."

Bi Shaikha, aliyeishia darasa la saba, maneno hayo yalimkolea kuliko halwa.

Kisha akaja Ustadh Muatasim wa shirika moja la misaada, na kitanda kipya, mashine ya presha, na karani mwenye kompyuta ya mkononi. Zawadi, akasema. Miezi miwili haijatimia, zawadi ikaota masharti: uongozi uwe wa shirika, kila mgonjwa dakika saba, asemaye haumwi asipimwe, jamaa wangoje nje.

"Na salamu?" akauliza Bi Balqees, mkubwa wa kamati yao, miaka themanini na ulimi wembe.

"Moja yatosha, bibi. Muda hautungoji."

"Haukungoji wewe, mwanangu? Mimi nshapitwa nao zamani, na bado nasalimia."

Wakacheka. Lakini vifaa viliwapendeza, wakakubali kumjaribu Jumatatu moja. Hapo ndipo walipokosea, na kosa lile Bi Shaikha hajajisamehe mpaka leo.

Jumatatu hiyo alimleta Mazoon, bintiye, mimba ya miezi minane. Viatu haviingii, pete haitoki kidoleni. Usiku kucha Bi Shaikha alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe. Alipotaka kuingia naye, karani akanyoosha mkono mlangoni. Mlango wa majlisi yake mwenyewe! Akakaa nje, maana ahadi ameshatoa.

Akamsikia karani: "Hujambo?"

"Sijambo."

"Unaumwa popote?"

"Alhamdulillah, hamna."

Kidole kikagusa kioo cha kompyuta. Mazoon akatoka bila kupimwa. Dakika mbili hazikufika.

Getini wakakutana na Bi Balqees akishuka garini.

"Hujambo, Mazoon?"

"Sijambo, bibi."

"Watu wako wazima?"

"Wazima wote, alhamdulillah."

"Na wewe mwenyewe, umelalaje?"

"Vyema, bibi... ila kichwa tu. Tangu juzi. Na naona kama vinyota mbele ya macho."

Bi Balqees akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia. "Wijdan! Njoo na mashine yako!"

Wijdan akaja mbio na mashine yake kuukuu. Presha mia na sabini na tano kwa mia na kumi na tano.

"Kifafa cha mimba kinabisha hodi," akasema. "Hospitali, sasa hivi!"

Mtoto akatolewa kwa kisu jioni ile ile, uzito wake pakiti mbili za sukari. Mama na mwana wakasalimika. Daktari akamwambia Bi Shaikha kwamba wangelingoja hadi kesho, huenda angeliwapoteza wote wawili.

Basi mama mwenye mja mzito nyumbani na askie: uvimbe wa ghafla, kichwa kisichoachia, vinyota machoni, hayo si ya kufunikwa kwa alhamdulillah. Mpeleke apimwe, na usikubali kuachwa nje ya mlango.

Alhamisi Muatasim akaja na karatasi.

"Pole kwa yaliyotokea, Bi Shaikha. Tutaongeza swali la kichwa kwenye kompyuta. Saini yako tu hapa, kwa kuwa nyumba ni yako."

"Ongeza maswali mia. Wa kuyajibu ni sisi, na sisi hatujibu hivyo."

"Bila saini ntalazimika kuchukua vifaa."

"Kitanda kile pale. Shuka nshalitoa. Shika upande wa kichwani, ni kizito."

Alidhani mzaha, mpaka alipowaona wanawake wanne wamekinyanyua, na Bi Balqees mbele anawasafishia njia kwa bakora.

"Mtawapimia wapi wagonjwa?"

"Kwenye zulia. Kinachopimwa mkono, ustadh, si kitanda. Na ukituletea daktari, tutampokea kwa kahawa, ila atafuata kanuni yetu. Mlango huu nlizuiwa mara moja, kidogo nizike. Sizuiwi mara ya pili na mtu yeyote."

Jumatatu iliyofuata Bi Shaikha alikaa mlangoni mwenyewe. Wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka mtaa wa Hamriya, anachechemea huku anajitia hachechemei.

"Hujambo, mwenzangu?"

"Sijambo."

"Watoto?"

"Wazima, alhamdulillah."

Bi Shaikha akammiminia kahawa. "Na wewe mwenyewe?"

Mama akaangalia kikombe. "Mzima tu," akasema. "Ila..."

Bi Shaikha akajisogeza karibu, akamshika mkono, akangoja.