Kurasa Kumi na Mbili Zisizo na Namba

Feni ndiyo iliyoanza uchokozi. Gundi, mfunga vitabu ambaye jina lake halisi hata mwenye duka alishalisahau, aligeuka kuchukua uzi tu. Kurudi, akakuta kurasa kumi na mbili za kitabu cha picha zimetapakaa sakafuni. Hazikuwa na neno hata moja, wala namba. Mchoraji angefika saa sita, na kazi yake ikiharibika asingewaletea nyingine.

"Zisome, uzipange," alisema shemeji yake, dada wa marehemu mkewe, aliyekuwa akikata karatasi meza ya pili.

"Nisome nini? Hakuna maandishi."

"Si kuna watu?"

Wakazitandaza mezani. Msichana mwenye koti na sanduku. Mlango. Barabara. Mzee peke yake, mbele yake vikombe viwili.

"Anaondoka," shemeji akakata shauri. "Huyo ameshagombana na babake."

"Anarudi. Mzee anamngoja, kikombe cha pili ni chake." Gundi akainama hadi pua ikakaribia kugusa karatasi, udadisi ulikuwa umempanda. "Tazama koti. Barabarani lina vifungo vitatu, mlangoni viwili. Kimoja kimedondoka njiani. Basi barabara ndiyo ya kwanza."

"Labda alitoka na viwili, akashona cha tatu njiani."

"Nani anashona kifungo akiwa na hasira?"

Shemeji alimtazama. Binti wa Gundi aliondoka miaka mitatu iliyopita, baada ya baba kumwambia maneno ambayo hata adui haambiwi, na Gundi hakuwahi kumtafuta.

"Shemeji, unasoma picha au unasoma nyumba yako?"

Gundi alizipanga kwa mwendo wa kurudi, mzee na vikombe vyake mwanzo kabisa, lakini moyo haukutulia.

Mchoraji alipofika, Gundi angeweza kunyamaza. Ila mficha uchi hazai. Alieleza yote, feni, kurasa, na ushahidi wake wa kifungo. Mchoraji aliusogeza ukurasa wa mlangoni karibu na dirisha.

"Hicho kifungo nilisahau kukichora," alisema.

Shemeji alicheka mpaka akashika meza. Mchoraji akauchukua ukurasa wa vikombe, akautia mwisho.

"Anaondoka. Hadithi inaishia hapa."

"Lakini amemwekea kikombe," alisema Gundi.

"Amemwekea. Kila niliyemwonyesha huniuliza kwa nini mzee hamfuati."

"Unawajibu nini?"

"Siwajibu. Mimi niliishia hapo."

Gundi aliutazama ukurasa ule kwa muda. Kisha akaenda kunawa gundi mikononi, kidole kimoja kimoja. Alikuwa anaona aibu, na alikuwa anaogopa.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "namba ya binti yangu unayo?"

"Ninayo tangu mwaka juzi." Shemeji alikuwa ameshatoa simu. "Nilikuwa nangoja uiombe."