Mlango Usio na Mtu

Ndoto za Demetria zilimjia mchana, baada ya chakula, akiwa amejinyoosha kwenye mkeka ukumbini, rozari imemzunguka vidoleni, na jua la Gongo la Mboto likipenya kwenye matundu ya matofali na kumwaga vidoa vya mwanga sakafuni. Hapo ndipo marehemu mumewe alipomtembelea. Kamugisha hakusema neno. Alisimama tu kwenye mlango wa jiko na shati lake la Jumapili, mwanga umemjaa nyuma hata uso hauonekani, kama mtu anayengoja kukaribishwa.

Siku moja Demetria aliamka akiwa anajua mumewe anataka nini.

Binti yao wa pekee, Blessing, alikuwa anaolewa, na kichen pati imekaribia. Hiyo ni shughuli ya wanawake watupu: mama wakubwa, shangazi, majirani, kila mmoja na chombo chake cha jikoni na maneno yake ya kumfunda bibi harusi. Mwanamume hakanyagi. Hata Kamugisha angekuwa hai, siku hiyo angefukuzwa akakae huko nje na wenzake. Lakini zawadi, aliwaza Demetria, nani aliyewahi kuizuia zawadi mlangoni? Kazi yake ilikuwa kufuma vishikio vya sufuria vyenye picha. Akachukua karatasi ya miraba, kila mraba kitanzi, akamchora mumewe amesimama mlangoni.

Vishikio vyake vilifumwa tabaka mbili kwa pamoja, nyeupe na buluu, kwenye sindano zile zile. Kitanzi cheupe kikitokea mbele, pacha wake wa buluu anajificha nyuma. Ukikigeuza, picha ni ile ile, ila rangi zimebadilishana, mchana umekuwa usiku. Mara nyingine, sindano zikienda zenyewe, Demetria alihisi kwamba Mungu naye ameifuma dunia hivyo hivyo, walio huku na walio kule wakiegemeana migongo.

Kila mchoro mpya alimpelekea kwanza jirani yake Bi Thuraya, mjane mwenzake mwenye duka la nyuzi na vitambaa, aufume kwa majaribio. Aliyechora hajaribu mwenyewe. Macho yake yanaona kilichomo kichwani, na kosa linapita.

Thuraya akaisogeza karatasi mbali, akaikaribisha tena.

"Huyu ni mtu?"

"Ni baba Blessing."

"Wee! Kichen pati hatuingizi wanaume wazima, wewe unatuletea marehemu?"

"Atakaa kimya. Hata enzi zake alikuwaga mkimya."

Wakacheka mpaka Thuraya akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akairudisha karatasi taratibu. "Mie picha ya mtu sifumi, shoga, unanijua na dini yangu. Na wewe nawe fikiri. Mwanao atambandika baba yake sufuria ya maharage kichwani?"

Hilo Demetria hakuwa ameliwaza kabisa. Jioni ile alimfuta Kamugisha kwa kifutio, polepole, akianzia miguuni. Ukabaki mlango ulio wazi, na ndani yake weupe mtupu. Yupo, alijiambia, ila haonekani.

Thuraya akaufuma huo. Alipokuja nao, kidole chake kilikuwa kimepakwa dawa ya meno.

"Mlango wako umeniunguza. Nimeinulia sufuria ya chai, kishikio kikateleza. Hebu shika hapa katikati."

Demetria akashika. Kokote rangi zilipobadilishana, tabaka zilikuwa zimeshikana imara. Lakini pale mlangoni palikuwa weupe mtupu mbele na buluu tupu nyuma, hapana kilichozifunga. Zimeachana, zimevimba kama mfuko uliojaa pumzi. Ukibana, nguo ya mbele inatembea juu ya nguo ya nyuma.

Lilikuwa kosa, naye alilijua. Lakini vidole vyake havikutaka kutoka. Alikibonyeza kile kivimbe, kikashuka. Alipoachia, kikajaa tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Tukiache hivi hivi," alisema. "Ndipo anapokaa."

"Akae, mie nani nimtoe? Lakini mkono utakaoungua ni wa nani?"

Siku zile Demetria aliingia kanisani asubuhi, akapiga magoti, na hata sala haikutulia mdomoni. Akijaza ule weupe, anamfungia mlango mumewe. Akiuacha, anampa mwanawe kitu cha kumuunguza mbele ya mume wake mpya.

Kamugisha alirudi mchana mmoja wa mawingu. Safari hii mlango ulikuwa wa nyumbani kwao Bukoba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, taa inawaka barazani. Senene walikuja wengi, kijani na kahawia, wakitua mabegani mwake, kwenye mikono, kwenye kizingiti, mpaka mlango mzima ukawa unameremeta. Naye hakuondoka. Alikinga viganja, na Demetria akasikia kicheko chake.

Mvua ndiyo iliyomwamsha, ikigonga bati. Akavuta karatasi, akanyunyiza vitone vya buluu kwenye ule weupe, hapa na pale, pasipo mpango.

"Wadudu hawa?" Thuraya aliuliza kwa mashaka.

"Vitone."

"Havina macho. Haya, lete."

Kila kitone kilishika tabaka mbili mahali pake. Kishikio kikatoka bapa, kizito, na Thuraya akainua nacho sufuria ya uji unaochemka bila kukunja uso.

Siku ya shughuli, mshereheshaji akipiga makelele kwenye maiki, Demetria alimpa Blessing kifurushi chake. Binti akakifungua, akakigeuza, cheupe, buluu, cheupe tena.

"Mama, hivi vitone?"

"Senene. Kwa kina baba yako."

Blessing akapitisha kidole juu ya vitone. Vigelegele vilikuwa vimepamba moto, ikabidi amsogelee mama yake sikioni.

"Mlango umeachwa wazi hivi, na wala hapana mtu," alisema. "Au ameshaingia?"

Demetria akamshika mwanawe mkono na kishikio ndani yake.

"Ameingia," alisema. "Sogea, mama, wenzako wanaleta masufuria."