Vita Alivyoviacha Kaka Mezani

Kaka yangu alifariki vita vikiwa katikati. Sisemi vita vya bunduki. Ni vita vya mezani, vya ule mchezo ambao watu wanakaa kuzunguka meza, kila mmoja anajitwalia mtu wake wa hadithi, na mmoja wao anasimulia kinachotokea na kuwaendesha maadui wote. Msimulizi alikuwa kaka. Siku za kazi alikuwa fundi wa friji, mtu wa kulala kifudifudi nyuma ya friji za watu na tochi mdomoni. Jumapili alikuwa mvua, alikuwa daraja bovu, alikuwa kundi la mbwa wa moshi, alikuwa mfalme mwenye mafua.

Mimi sikuwahi kucheza. Nina duka la kufua na kupiga pasi, na Jumapili nilikuwa nakwenda kwake na nguo za wateja zilizobaki. Nilitandika blanketi kwenye kona ya sebule, nikapiga pasi huku nasikiliza. Giza likikaribia naondoka. Mwisho wa kila pambano nilikuwa nausikia Jumatatu, kaka akipita dukani akienda kazini. Alisimama na begi la vifaa begani akanisimulia kwa mikono miwili, mpaka wateja wakasahau walichokuja kuchukua. Jumapili ile ya mwisho niliondoka jitu kubwa likiwa limeziba mlango wa ngome, na mtu wa mmoja wa wachezaji, mwizi, akiwa amesimama ndani ya moto. Jumatatu kaka hakupita.

Baadaye wifi yangu akanipigia simu. Alikuwa anahamia kwa wazazi wake, na kompyuta ya kaka ilikuwa inakwenda kwa mtoto wao wa kwanza, chuoni. Huyo alikuwa ameshasema ataifuta yote aanze upya.

"Wale wenzake wanataka kumalizia vita vyao kabla haijaondoka," wifi akasema. "Wanakuomba wewe ukae kwenye kiti chake."

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Wanasema ndiyo sababu. Njoo tu, wifi. Mimi nikikaa pale nitaanza kulia, na wao wataanza kunifariji, vita havitaisha."

Nilikwenda kwa sababu moja. Nilitaka kujua mwisho. Niliamini kaka alikuwa ameshauweka ndani ya ile programu, na kwamba kazi yangu ni kubonyeza tu mpaka nifike.

Walikuwa watatu. Muuguzi wa kituo cha afya, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, ndiye aliyekuwa mwizi. Kinyozi mmoja waliyemwita Wakili, kwa sababu hakuna kanuni asiyoibishia, alikuwa na mtu wake mtawa aliyeapa kutosema neno. Wa tatu alikuwa dereva wa lori, mrefu, mpole, mpiga mishale.

"Kwa nini asiendeshe mmoja wenu?" nikawauliza.

"Nani, huyu?" Muuguzi akamwonyesha Wakili kwa kidevu. "Kwenye kompyuta kuna siri za maadui. Akiziona atasema hajaziona, halafu mtawa wake ataanza kuruka mitego kama aliichimba mwenyewe."

"Mama, unanipaka matope mbele ya mgeni."

"Sijakupaka. Nimekuonyesha ulipo."

Nikakaa. Kiti cha kaka kilikuwa na mto mdogo wa kuegemeza kiuno, nikauacha pale pale. Dereva akafungua programu, akaunganisha waya wa televisheni. Kwenye televisheni wao waliona ramani ya ngome na picha ndogo za watu wao. Kwenye kompyuta mimi niliona zaidi: safu ya majina kutoka juu kwenda chini, kila jina na zamu yake, na kando ya kila jina mstari wa rangi, kijani kwa mzima, nyekundu kwa anayeelekea kubaya.

Nakumbuka jinsi ilivyokuwa kabla ya programu hii. Kaka alitumia vifungo vya mashati, vile vinavyobaki ndani ya mashine zangu za kufulia. Kifungo cheupe ni mbwa, cheusi ni askari, na majeraha anaandika pembeni kwa penseli. Pambano la chumba kimoja lilikula Jumapili nzima. Watu walibishana zamu ni ya nani, sumu imeisha au haijaisha, na yule mbwa wa tatu si alishakufa. Kisha akaipata programu, ya bure, inayomruhusu mtu kubadili maneno yake. Akakesha nayo kama mtu aliyepata friji mpya ya kufungua. Yenyewe inapanga zamu, yenyewe inapunguza nguvu za anayeungua, inakumbuka kila kitu. Maneno yote aliyageuza kwa lugha ya nyumbani. Aliyezimia ameandikwa "Hoi". Aliyenyweshwa sumu ameandikwa "Tumbo". Aliyepofushwa, "Taa zimezima".

Chini kulikuwa na kitufe kipana: Zamu inayofuata.

Nikakiona nikadhani ni cha kufunulia, kama kurasa. Nikabonyeza ili nione mbele kuna nini. Safu ikasogea. Nikabonyeza tena. Kila mara televisheni ilitoa mlio mdogo, kama kijiko kinachogonga kikombe. Nilikuwa natafuta mahali palipoandikwa kilichotokea, sipaoni, naendelea.

"Dada," Muuguzi akasema taratibu, "mimi naungua."

Nikainua macho. Mstari wa mwizi kwenye televisheni ulikuwa mwekundu, mfupi kama ukucha. Nilikuwa nimezipitisha zamu za watu wote, wote wamesimama kama masanamu, na kila safu ilipozunguka moto ulikuwa ukichukua fungu lake. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kitufe, na kwa mshtuko nikabonyeza mara ya mwisho. Mstari ukaisha. Pembeni ya picha ya mwizi likatokea neno: Hoi.

"Nimefanya nini?"

"Umempika mtu," Wakili akasema.

Dereva akanyoosha kidole juu ya bega langu. "Kuna kitufe cha Rudisha. Hicho hapo. Bonyeza, kila kitu kinarudi."

Niliposogeza kipanya, Wakili akakohoa. "Kwenye meza hii hatukitumii."

"Wakili, leo acha."

"Siachi, na wewe unajua kwa nini. Mwanzoni si tulikuwa tunarudisha? Mtu akikosea anarudisha, mwenzake naye anarudisha, mwisho hakuna aliyejua tuko wapi, tukarudi kwenye ugomvi wa vifungo. Ndipo Mwenye Meza akasema kilichobonyezwa kimebonyezwa." Mwenye Meza ni kaka, ndivyo walivyomwita. Akanigeukia. "Kaka yako mwenyewe, dada, aliwahi kukosea akamwua jemadari wake kwa pigo moja. Adui aliyekuwa amemtengeneza wiki nzima. Tukamsihi arudishe. Akafunga kompyuta, akaenda kuosha vyombo."

Wifi, aliyekuwa akifunga masanduku chumba cha pili, akasema kutoka huko: "Ni kweli. Na siku hiyo nilishangaa."

Wote tukamtazama Muuguzi, maana aliyelala ni wake. Alikuwa na mtu huyo kwa miaka. Alikuwa amempa kilema cha mguu na tabia ya kuiba vijiko.

"Usirudishe," akasema. "Akifa, amekufa kwenye meza ya kaka, kwa kanuni ya kaka. Nikimfufua kwa kitufe, nitakuwa nacheza mchezo mwingine." Kisha akaniona uso, akaongeza: "Usihuzunike. Mtu wangu wa kwanza alikufa kwa kuteleza kwenye ngazi."

Dereva akanieleza mahali tulipofika. Mwizi yuko hoi ndani ya moto. Moto ukimpata tena, basi. Kabla ya hapo zamu zilizobaki ni ya jitu, ya mpiga mishale, na ya mtawa. Mtawa anaweza kumwinua kama atamfikia, lakini jitu limesimama kati yao. Na zamu iliyokuwa inawaka sasa ilikuwa ya jitu.

"Kwa hiyo," Wakili akasema, "jitu linafanya nini?"

Nikafungua jina la jitu. Hapo ndipo nilipotegemea kumkuta kaka. Palikuwa na nguvu zake, uzito wa rungu, umbali linaoweza kufika, vitu linavyoogopa na visivyolidhuru. Chini kabisa palikuwa na kisanduku ambacho kaka alikiongeza mwenyewe kwa kila kiumbe: Anataka nini? Nikafungua mbwa wa moshi, wa mapambano ya nyuma, kutazama. Kwao aliandika "Nyama". Kwa askari mlinzi aliandika "Kwenda nyumbani". Nikarudi kwa jitu. Kisanduku kilikuwa kitupu.

Nikapekua kila mahali pa kupekua, safari hii bila kugusa kile kitufe kipana. Mwisho haukuwepo. Mashine ilikuwa inajua nani amebaki na pumzi kiasi gani, nani anaungua na nani anafuata, kuliko mtu yeyote anavyoweza kushika kichwani. Kesho haikuwa nayo. Nilihisi kama mtu aliyepanda ngazi gizani akakanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Jitu," nikauliza, "mlipokuwa mnapigana nalo, lilikuwa linafanya nini?"

"Linapiga," Wakili akasema.

"Linapiga nani?"

Akafikiri. "Anayesogea."

"Mimi halijanifuata," Dereva akasema. "Nimelitia mishale mingi, lakini halijaondoka mlangoni. Nilidhani ni zito."

Nikatazama kwenye kompyuta. "Si zito. Hapa imeandikwa linakimbia kuliko mtawa."

Wakili akaiweka chini bilauri yake. "Linakimbia?"

"Lilimshika mtawa mara moja," Muuguzi akasema polepole, "likamrusha. Kwenye moto pale karibu halikumtupa. Lilimtupa kule nje, uani."

"Nyuma ya mlango kuna nini?"

Hakuna aliyejua. Walikuwa wametumwa na mtu mmoja mwenye pete, huko nyuma kwenye hadithi, waufungue huo mlango. Walimwuliza njia. Kwa nini umefungwa hawakumwuliza.

"Kaka angefanya nini sasa?" nikasema.

"Angetupiga," Wakili akajibu. "Huku anacheka."

"Angekuna kidevu kwanza," Dereva akasema.

Wote wakanigeukia. Nikatambua kwamba wanasubiri, na si kumsubiri kaka. Jitu lilikuwa kubwa, lina pigo la kumaliza kazi, na mwizi yuko miguuni pake. Namba zote zilisema piga. Lakini mimi sikuwa nataka kupiga. Nilikuwa nataka kujua, na nikaona hakuna sababu jitu lisitake hivyo hivyo.

Nikaishika picha ndogo ya mwizi kwa kipanya.

"Jitu linainama," nikasema. Nilijisikia mgeni mdomoni mwangu. "Linamshika mwizi mguu, linamvuta nje ya moto. Linamweka chini, upande wenu." Nikaisogeza picha kwenye ramani, nikaiachia. "Halafu linauliza. Linasema: nani amewatuma?"

Huko chumbani utepe wa kufungia masanduku ulinyamaza.

"Halijawahi kusema," Wakili akasema.

"Hatujawahi kulisemesha," Dereva akamjibu.

"Sawa, lakini hiyo ni zamu kamili au nusu? Kwa sababu kwa kanuni, kuvuta mtu..."

"Wakili," Muuguzi akasema, "mtawa ana kiapo."

Nikabonyeza zamu inayofuata. Mpiga mishale akawaka. Dereva aliitazama televisheni kama anavyoitazama barabara, nadhani, bila haraka. "Nashusha upinde," akasema. "Nalijibu. Nasema ni mtu mwenye pete. Na nasema hatukumwuliza anatafuta nini. Nasema hilo tulikosea."

Nikabonyeza tena. Zamu ya mtawa. Wakili akafungua mdomo, akaufunga. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nianze kumsikia kutoka kwenye kona yangu ya pasi, alicheza kama mtawa wake. Alipiga goti la hewa, akaweka kiganja juu ya meza mahali palipokuwa na mwizi kwenye ramani, akanitazama. Nikatafuta, nikaona palipoandikwa Ponya, nikapabonyeza. Neno Hoi likaondoka. Mstari mdogo wa rangi ukarudi.

"Ahsante, mtawa," Muuguzi akasema. Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono, akajifanya ni vumbi la masanduku.

Dereva akanionyesha kitufe cha juu, Maliza pambano. Nilipokibonyeza, programu ikaniuliza kama nina hakika, ikasema hatua hii haiwezi kurudishwa. Maneno hayo kaka hakuwa ameyabadili. Pengine hakuyaona, au aliyaona akayaacha. Nikashika kipanya hadi kikapata joto. Nikikubali, ile safu aliyoipanga yeye, majina yale kwa mpangilio ule, ingeondoka.

Nikakubali. Ikabaki ramani peke yake, na picha nne ndogo mbele ya mlango.

"Angevimaliza hivi?" nikawauliza.

"Hapana," Muuguzi akasema. "Hata kidogo. Angetaka sana kuona, lakini."

Nilifikiri ningesikia uchungu kwa jibu hilo. Nilichosikia ni hamu ya kumwuliza kaka kwa nini aliacha kile kisanduku kitupu, kama alisahau, au alikuwa anazunguka nacho kichwani nyuma ya friji za watu, naye pia hajui. Hilo sitalijua. Limebaki kwangu, na si zito kama nilivyodhani.

"Sasa huu mlango," Wakili akasema.

"Jitu linasogea pembeni," nikamwambia. "Nani anafungua?"

Muuguzi akanyoosha vidole vyake, kimoja kimoja, kama anayejiandaa kwa kazi. "Mwizi ni mimi. Mlango una kufuli?"

Nikautazama ule mchoro. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

"Hauna," nikasema. "Umefungwa kwa ndani."