Chumvi ya Mama Prudence

Léon alipoambiwa kwamba mlango mmoja wa moyo wake haufungiki vizuri, hakuogopa sana. Alichoogopa ni chakula bila chumvi. Daktari alimkataza pia sigara, pombe na kubeba mizigo mizito, naye akaitikia yote kwa kichwa. Ila kwenye chumvi aliuliza tena, labda hakusikia sawa. Daktari akaeleza kwamba chumvi hujaza maji mwilini, na moyo wenye kasoro hauwezi kuyasukuma maji yote hayo.

Pétronille, mke wake, ambaye watu walimwita Mama Prudence kwa jina la binti yao, alilishika neno hilo. Nyumbani kwao, mtaa wa Saio mjini Bunia, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikapikwa kavu, bila ladha. Léon alionja, akasukuma sahani, akaanza kukonda. Kisha akaja Annette, dada yake mkubwa, mwanamke asiyeondoka mahali bila kuacha neno nyuma yake. Alimeza tonge moja, akauliza kama kuna ugomvi humu ndani, maana kwao mke anayempikia mume bila chumvi anamtangazia chuki. Pétronille akamweleza maagizo ya daktari. Annette akacheka, akasema marehemu mama yao alikula samaki wa chumvi maisha yake yote na moyo haukumdai kitu.

Ulimi hauna mfupa, na wa wifi ndiyo kabisa. Jioni ile Pétronille alitia chumvi kidogo, ya ncha za vidole tu. Léon alikula akamaliza, akaomba tena, na mke wake akafurahi kama siku ya harusi. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Hakusema. Kesho yake akatia tena, na siku zilivyokwenda vidole vikazidi kuwa vyepesi na chumvi ikaongezeka.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; juu ya anayeficha chumvi hawakusema lolote. Na kilichomchoma Pétronille zaidi yalikuwa majigambo ya mumewe. Léon aliamini kweli kwamba amezoea chakula kitupu, basi akageuka mhubiri. Kila jirani mwenye presha aliambiwa kwamba ulimi hufundishwa kama mtoto, atazamwe yeye. Pétronille alisimama kando akitabasamu huku aibu ikimla ndani.

Miguu ya Léon ikavimba. Akawa halali ila ameketi, akitafuta pumzi. Pétronille alipunguza chumvi, akaogopa mumewe atagundua, akairudisha. Hilo ndilo ambalo hatajisamehe.

Hospitalini daktari alibonyeza mguu wa Léon, shimo la kidole likabaki. Akauliza habari za chumvi. Léon akamwahi mkewe kujibu.

"Docteur, miye sikulake chumvi tena. Mama Prudence iko anapika vile mulisema, na sasa nimezoea."

Daktari akamtazama Pétronille. Pétronille akatazama sakafu, akaitikia.

"Kama anavimba hivi bila chumvi," daktari akasema, "basi ile valvule, mulango ya moyo, imechoka. Inabaki opération, na hapa Bunia haifanyikake. Mutafute njia ya kumupeleka Kampala."

Ukoo ukakutana. Annette mwenyewe, akilia, ndiye aliyependekeza wauze shamba la baba yao kule Mahagi. Kila mtu alikubali, na Pétronille alikubali pamoja nao. Kisha, ukoo ukiwa bado umeketi, Léon akamwita Prudence, binti yao, akamketisha karibu. Akamwambia kwamba watu hupasuliwa moyo na wengine hawarudi. Ikiwa hivyo, mama yake asiteseke, kwa sababu hakuna mke aliyemchunga mume kama yeye.

Pétronille hakuweza kulibeba hilo. Alipiga magoti mbele yao wote.

"Baba Prudence, miye nilikuwa natia chumvi. Tangu ile siku semeki Annette alikuja. Nilikuwa natia kila siku."

Annette alifungua kinywa, na safari hii hakupata neno. Léon akaitazama miguu yake iliyovimba.

"Kumbe sikuzoea kitu," akasema taratibu.

Wakarudi kwa daktari pamoja. Hakumgombeza Pétronille, na afadhali angemgombeza. Alisema shamba lisiuzwe kwanza, waanze upya bila chumvi kabisa, ndipo atajua moyo umebaki na nguvu gani. Alisema pia kwamba huenda sehemu ya madhara imeshakuwa ya kudumu.

Uvimbe umeanza kupungua. Léon hakumpiga mkewe wala hakumtukana, na mbele za watu bado anamwita Mama Prudence. Lakini kila jioni chakula kinapotengwa, kabla ya kunawa mikono, anamgeukia binti yake.

"Onja kwanza."

Prudence huchukua kijiko bila kumtazama mama yake. Pétronille hukaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akingoja mtoto aliyemzaa ameze na kusema kama mama yake anaweza kuaminiwa leo.